Kilwa ipi? Mwongozo wa kujenga maktaba ya kidijitali inayoelewa msomaji anaulizia nini

Mwezi wa saba, mikorosho ikiwa imeanza kutoa maua, aliingia maktabani kwetu Mtwara mkulima kutoka upande wa Tandahimba. Aliuliza kama tuna chochote kuhusu "ule ukungu mweupe unaokausha maua". Kijana wa zamu akaandika "ukungu" kwenye kompyuta. Likatoka shairi la mwanafunzi kuhusu asubuhi ya Newala. Basi. Mkulima akashukuru, akaenda zake.

Kijitabu alichokuwa anakitafuta kilikuwemo humo humo, kimeskaniwa vizuri, kila ukurasa unasomeka. Ila walioandika walitumia jina la kitaalamu la ugonjwa, ubwiri unga, na neno ukungu hawakuliandika popote. Kompyuta haikukosea. Iliulizwa herufi, ikatafuta herufi.

Mwongozo huu ni wa kuondoa aibu ya namna hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya mkutubi wa shule, wa wilaya au wa chuo, au mtu yeyote mwenye kompyuta moja, skana na rundo la karatasi za Kusini ambazo angependa zisomwe. Tutatumia vitu viwili. Cha kwanza ni wavuti wa maana: utaratibu wa kuandika taarifa ili mashine itambue kitu chenyewe kinachosemwa, hata kikiitwa kwa majina matano. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Uswisi, aliueleza kwa umma mwaka 2001 pamoja na James Hendler na Ora Lassila. Cha pili ni mitandao ya kijamii, ambako wasomaji wetu wapo tangu alfajiri, wanajua mambo mengi kuliko katalogi yetu, na hakuna anayewauliza.

Hatua ya 1: Chagua rundo dogo lenye wenyewe

Vitu 50 vinatosha. Ukianza na maktaba nzima utachoka mwezi wa pili, na kazi itabaki nusu kwenye flashi ya mtu aliyehamishwa kituo.

Chagua rundo ambalo kuna watu hai wanaolijua: vijitabu vya korosho, picha za zamani za mji, ramani za shule, kanda za mahojiano na wazee. Kabla ya kuskani, andika pembeni ya kila kitu nani mwenye haki nacho. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kitabu cha marehemu bado kina wenyewe, ambao ni watoto na wajukuu. Nenda kwao na karatasi ya ruhusa ya ukurasa mmoja, yenye Kiswahili cha kawaida, waisome na kusaini. Kwangu, waliokataa ni wachache kuliko nilivyoogopa.

Hatua ya 2: Skani

Nukta 300 kwa inchi kwa maandishi, 600 kwa picha ndogo. Faili la asili libaki TIFF, la kusomea liwe PDF au JPEG. Programu ya bure ya Tesseract inasoma Kiswahili kilichochapwa na kukigeuza maandishi yanayotafutika, ila kwenye karatasi za taipureta zilizofifia itakupa vichekesho, kwa hiyo pitia kwa macho.

Jambo moja tu la kusisitiza: usipokee picha kwa WhatsApp kama picha. Inaminywa, na taarifa za tarehe zilizomo ndani ya faili hupotea. Mwambie mtu akutumie kama dokumenti, au aje na simu yake na waya.

Hatua ya 3: Andika sentensi za vipande vitatu

Hapa ndipo watu wengi huogopa, wakidhani wavuti wa maana unahitaji digrii ya kompyuta. Unahitaji sarufi ya kidato cha pili. Kila taarifa iandike kama sentensi fupi yenye kiima, uhusiano na shamirisho:

Picha 0031 – inaonyesha – Boma la Mikindani
Boma la Mikindani – lilijengwa – 1895
Boma la Mikindani – lipo – Mikindani
Mikindani – imo ndani ya – Manispaa ya Mtwara-Mikindani

Muundo huu ndio unaoitwa RDF, na shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliupitisha mwaka 1999. Tazama jinsi shamirisho la sentensi ya kwanza linavyokuwa kiima cha sentensi ya pili na ya tatu. Ndipo nguvu ilipo. Ukishaandika mara moja kwamba Boma lilijengwa 1895, hutaandika tena kwenye picha 20 za Boma. Picha zote zinaelekeza kwenye rekodi moja ya Boma, na rekodi hiyo ndiyo inayobeba habari zake. Mtu akija na tarehe sahihi zaidi, unarekebisha mahali pamoja.

Kipande cha katikati, yaani uhusiano, usikibuni mwenyewe. Kuna msamiati uliokwisha kukubaliwa duniani. Unaotosha kuanzia ni Dublin Core, uliozaliwa mwaka 1995 katika mkutano uliofanyika Dublin ya Ohio, Marekani (mimi miaka yote nilidhani ni ile ya Ireland). Una vipengele 15: kichwa, muundaji, mada, maelezo, mchapishaji, mchangiaji, tarehe, aina, muundo, kitambulisho, chanzo, lugha, uhusiano, mahali na wakati kinachohusu, na haki. Kwa rundo letu la vitu 50 tulitumia tisa tu.

Tarehe zianze na mwaka: 1961-06-05. Ukiandika 5/6/61, mwenzako atakayekuja baada yako hatajua kama ni Juni au Mei.

Hatua ya 4: Jibu swali la "Kilwa ipi?"

Kosa langu kubwa nililifanya hapa, na lilinigharimu wiki mbili.

Nilikuwa na picha na nyaraka kama 30 za Kilwa. Kwenye safu ya mahali nikaandika "Kilwa" kwa zote, nikaridhika. Mwalimu wa historia akaja na wanafunzi, wakafungua "Kilwa". Wakakuta magofu ya msikiti mkuu, majengo ya Kijerumani yaliyochakaa, na picha ya ofisi yenye bati jipya, vyote vimerundikwa pamoja. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Sasa, mwalimu, sultani alikuwa anaishi kwenye hii yenye bati?" Walicheka. Mimi sikucheka.

Kilwa Kisiwani ndiyo yenye magofu, ile aliyofika Ibn Battuta mwaka 1331, na ambayo pamoja na Songo Mnara iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Kilwa Kivinje ni mji wa bara uliokuwa soko la watumwa na pembe za ndovu karne ya 19, kisha ukawa na boma la Wajerumani. Kilwa Masoko ndiyo makao makuu ya wilaya leo. Halafu Kilwa ni wilaya yenyewe. Kwenye maandishi ya Wareno utakuta Quiloa. Na iko Kilwa nyingine kabisa, Kongo, kando ya Ziwa Mweru.

Dawa yake ni hii. Tengeneza rekodi moja kwa kila mahali, kama unavyotengeneza rekodi ya kitabu. Ipe namba yake. Ndani yake weka jina linalotumika sasa, majina ya zamani na tahajia nyingine zote. Kisha nenda Wikidata, hifadhidata ya wazi iliyoanza mwaka 2012 ambayo kila kitu ndani yake kina namba inayoanza na Q: Tanzania ni Q924, lugha ya Kiswahili ni Q7838. Tafuta mahali pako, soma maelezo yake kwa makini (Kilwa ya Kongo nayo imo!), nakili anwani yake na uibandike kwenye rekodi yako. Kuanzia hapo, ukisema Kilwa Kisiwani, maktaba yako na maktaba ya Lisbon zinazungumzia kisiwa kimoja, hata kama wao wanaandika Quiloa.

Fanya hivyo pia kwa watu na kwa maneno yenye sura mbili. Huku kwetu neno la kuangaliwa sana ni Ujamaa. Kuna siasa ya Ujamaa ya Azimio la Arusha la 1967, na kuna mchongo wa Kimakonde unaoitwa ujamaa, wale watu waliobebana na kupandana kwenye gogo moja la mpingo. Vyote viwili vinatafutwa maktabani, mara nyingi na watu wawili tofauti siku moja. Rekodi mbili, namba mbili, na uzi mmoja wa "inahusiana na" kati yao.

Je, mahali ambapo hapako Wikidata, kama kitongoji au kisima? Pape namba yako mwenyewe na maelezo yako. Baadaye, ukiwa na ushahidi wa kuonyesha, unaweza kupaongeza Wikidata kwa mkono wako. Mlango uko wazi kwa kila mtu.

Hatua ya 5: Tengeneza orodha ya mada inayojua lugha ya sokoni

Turudi kwa yule mkulima. Kilichohitajika ni mada moja yenye majina mengi. W3C ina msamiati wa kazi hiyo, SKOS, uliopitishwa mwaka 2009. Mambo yake makuu ni manne: jina kuu, majina mengine, mada pana zaidi, na mada inayohusiana. Fungua Excel, uandike hivi:

Jina kuu: ubwiri unga
Majina mengine: ukungu mweupe, unga wa maua, ubwiri, Oidium anacardii
Mada pana: magonjwa ya mkorosho
Inahusiana na: salfa, upuliziaji

Jina kuu liwe lile linalotumiwa na wataalamu wa kilimo, kwa kuwa ndilo litakalokutana na vijitabu vya kituo cha utafiti cha Naliendele na vya kwingineko. Safu ya majina mengine usiijaze ukiwa ofisini. Kaa ghalani siku ya mnada, kaa kwenye benchi la chama cha msingi, sikiliza watu wanavyotaja vitu. Mimi nilikwenda nikidhani ninajua korosho, nikarudi na kurasa tatu za daftari. Andika mpaka yale wanayosema kwa mzaha, na kangomba usiiache. Mtu atakayetafuta habari za biashara hiyo ya magendo ya korosho hatatumia maneno ya kwenye waraka wa serikali.

Lugha za nyumbani nazo ziingie, kila jina na alama ya lugha yake: kde kwa Kimakonde, mwe kwa Kimwera, yao kwa Kiyao, sw kwa Kiswahili. Alama hizo ni za kimataifa, na programu nyingi zinazitambua. Uliza watu watatu kabla ya kuandika neno, maana Kimakonde cha Newala na cha upande wa pili wa Ruvuma havilingani kila neno.

Mada 60 zilitutosha kwa mwaka wa kwanza. Ukifika 300 kabla ya kuskani hata kitabu kimoja, unajifurahisha.

Hatua ya 6: Weka programu

Kuna programu kadhaa za bure. DSpace inafaa chuo chenye fundi wake wa kudumu. Greenstone, kutoka Chuo Kikuu cha Waikato huko Nyuzilandi, ni ya siku nyingi na inakwenda hata bila intaneti. Sisi tunatumia Omeka S, kwa sababu imejengwa tangu mwanzo juu ya zile sentensi za vipande vitatu, na kila rekodi inaitoa pia kwa JSON-LD, lugha inayosomwa na mashine nyingine, bila wewe kuandika mstari hata mmoja wa msimbo.

Unahitaji kompyuta ya mezani, hata ya zamani, yenye Linux (sisi tuna Ubuntu), Apache, PHP na MySQL au MariaDB. Kijana wa TEHAMA wa shule yoyote anaweza kuziweka kwa siku moja. Ukiona ukurasa wa kwanza unafunguka lakini kurasa nyingine zinasema hazipo, mwambie aangalie kama mod_rewrite imewashwa na kama AllowOverride ya folda hiyo imewekwa All. Hilo ndilo tatizo mara tisa kati ya kumi.

Intaneti si lazima kwa wasomaji waliomo ndani. Unganisha kompyuta hiyo na ruta ya Wi-Fi, mtu akiingia maktabani anafungua maktaba yote kwenye simu bila kugusa bando lake. Tulibandika msimbo wa QR mlangoni. Wanafunzi walidhani ni intaneti ya bure, wakajaa. Walipogundua ni vitabu, nusu walibaki.

Ndani ya Omeka S fuata mpangilio huu. Kwanza ingiza msamiati wa SKOS kwenye sehemu ya misamiati. Kisha tengeneza violezo vinne vya rekodi: kimoja cha nyaraka, kimoja cha mahali, kimoja cha watu, kimoja cha mada. Halafu ingiza mada na mahali kwanza, nyaraka mwishoni, ili nyaraka ziwe na cha kushikia. Excel yako ihifadhi kama CSV ya UTF-8 (jedwali la maandishi matupu), uipitishe kwenye moduli ya CSV Import. Kwenye seli yenye majina mengi tenganisha kwa alama moja tu, sisi tunatumia mstari wima. Usitumie mkato, majina ya watu na anwani yamejaa mikato.

Kila sehemu ya rekodi itakuuliza aina ya jibu: maandishi, anwani ya nje, au rekodi nyingine iliyomo humu. Ukichagua maandishi kila mahali kwa sababu ndiyo rahisi, kazi yote ya hatua ya 4 na ya 5 imekwenda na maji. Mahali na mada ziwe rekodi. Wikidata iwe anwani ya nje.

Utakuta pia Omeka S inakuja na msamiati wa machapisho uitwao BIBO. Nilipowaonyesha wenzangu wa Mtwara skrini yenye neno bibo mara kumi na tano, mmoja akauliza kama na uraka umo, maana kwetu bibo ni tunda la mkorosho na uraka ni pombe yake. Umezoeleka sasa.

Niseme wazi jambo moja ili usije ukaniona mwongo. Msomaji akiandika "ukungu mweupe", Omeka S haitaruka yenyewe mpaka kwenye kijitabu. Itamletea rekodi ya mada ya ubwiri unga, na chini yake orodha ya kila kitu kilichounganishwa nayo. Ni mbofyo mmoja zaidi. Weka sehemu ya rekodi zilizounganishwa juu kwenye ukurasa, la sivyo wataishia kusoma maelezo ya mada na kuondoka.

Hatua ya 7: Waulize watu, na uandike nani kasema

Maktaba kubwa zilishajua hili. Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani ilipeleka picha zake Flickr, mtandao wa kuwekea picha, watu wa kawaida wakaanza kutaja nyuso, mitaa na treni. Huko Galway, Ireland, watafiti walijenga mfumo ulioitwa JeromeDL ambamo msomaji alipanga vitabu vyake kwenye folda na kuwaruhusu marafiki kupitia folda hizo, hivyo ukapata kitabu kupitia mtu unayemwamini. Sisi hatuna haja ya kujenga mfumo. Watu wapo WhatsApp.

Fungua grupu moja kwa rundo moja. Grupu la picha za zamani lisichanganywe na la korosho. Kila Ijumaa baada ya swala weka picha moja, na anwani ya rekodi yake, na swali moja tu. "Hapa ni wapi?" linajibiwa. "Tupeni maoni" halijibiwi.

Nikupe mfano. Tuliweka picha isiyo na maelezo: wanaume wanne wamesimama kando ya reli, nyuma yao minazi. Ndani ya saa moja kukawa na majibu 20, karibu yote yakisema ni reli ya karanga, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa Waingereza wa Nachingwea baada ya vita vya pili na kuondolewa miaka ya 1960. Nami nilikwisha kuanza kuandika hivyo. Usiku, mzee mmoja wa Mikindani, ambaye huwa anatuma salamu za asubuhi tu, akatuma sauti:

"Shikamooni walio wakubwa, vijana hamjambo. Mwanangu mwenye grupu, tazama miguu ya huyo wa kushoto. Kaweka mguu mmoja huku, mmoja kule, na bado kasimama wima. Reli ya garimoshi utaikanyaga hivyo? Hiyo ni ya vigari vya mkonge. Nimevisukuma mimi."

Nikaikuza picha. Kweli, yule bwana alikuwa ametanua miguu kama mtu aliyesimama juu ya mfereji mdogo.

Sasa angalia jinsi ya kuandika. Hatukufuta "reli ya karanga" tukaweka "reli ya mkonge". Tuliongeza sentensi mpya yenye msemaji wake: kauli hii imetoka kwa mchangiaji namba 7, tarehe fulani, kwa sauti, kwa sababu ya upana wa reli. Kauli ya wengi nayo ikabaki na idadi yake. Kwenye sehemu rasmi ya mada tukaweka mkonge, kwa kuwa ndiyo yenye ushahidi unaoonekana. Atakayekuja na karatasi ya shamba lenyewe atatusahihisha, na atajua tulifikaje hapo.

Kanuni tuliyojiwekea: lebo za wasomaji zinakaa kwenye safu yao, hazigusi mada rasmi. Mara moja kwa mwezi tunazipitia. Neno lililotumiwa na watu watatu au zaidi linaingia kwenye majina mengine ya mada husika. "Unga wa maua" uliingia kwa njia hiyo.

Tunawaandika wachangiaji kwa namba, na jina pale tu mtu anapotaka litajwe. Upo msamiati wa kueleza watu na marafiki zao, FOAF, uliobuniwa mwaka 2000, na Omeka S inao. Utumie kwa waandishi wa vitabu. Kwa wanagrupu usijaze namba za simu wala nani anamjua nani, hata kama mfumo una nafasi hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa, na hata isingekuwepo, mtu aliyekupa jina la kisima hakukupa ruhusa ya kumtangaza.

Hatua ya 8: Vingine havifunguliwi

Niliwahi kuweka kwenye grupu kipande cha sekunde 40 cha wimbo kutoka kanda ya zamani, nikiuliza ni ngoma gani. Kimya. Halafu simu ikalia, bibi mmoja ambaye ni kungwi. Hakupandisha sauti. "Mjukuu wangu, hicho ulichowawekea wanaume wasikilize kinaimbwa wapi?" Ulikuwa wimbo wa unyago. Nilikifuta, nikaenda kwake siku ya pili na kilo mbili za sukari, nikaketi mkekani.

Tulichokubaliana ndicho tunachofuata hadi leo kwa jando na unyago. Rekodi ipo, inasema kanda ipo na ni ya wapi, lakini faili la sauti limefungwa. Omeka S inakuruhusu kufanya rekodi ionekane na faili lake lisionekane. Kwenye sehemu ya haki tumeandika kwa maneno nani anaweza kusikiliza na aombe kwa nani. Muulize mwenye ngoma kabla ya kuskani, si baada ya kubofya.

Hatua ya 9: Unganisha na vya kwetu vilivyo mbali

Anza na Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima hicho, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, na zaidi ya tani 200 zilibebwa kichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Giraffatitan aliyesimama kwenye jumba la makumbusho la Berlin, mita 13.27 kwenda juu, ni wa hapo. Mtoto wa Lindi akitafuta "Tendaguru" kwenye maktaba yako, apate rekodi yako ya mahali, na kutoka hapo aende kwenye picha na makala zilizoko kwingine kupitia anwani ya Wikidata uliyobandika. Wewe hukuskani hata mfupa.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Ukiwa na jina la tovuti la .tz na rekodi zako zikawa mtandaoni, mtafiti wa Berlin anaweza kufika kwenye kanda ya mzee anayesimulia babu yake alivyobeba mifupa. Kama unayo kanda ya namna hiyo, ipe nafasi mbele ya kila kitu.

Hatua ya 10: Nakala na daftari

Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja nje ya jengo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi toa hifadhidata nzima na CSV zake. Nunua UPS kabla ya kununua kompyuta ya pili. Umeme ukikatika katikati ya kuingiza rekodi 400, utanikumbuka.

Halafu weka daftari la kawaida mezani, la mistari, lenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Mtu akitafuta kitu akakosa, aandike neno alilolitumia, kama alivyolitamka. Usimsahihishe. Kila Jumatatu fungua daftari, chukua kila neno, tafuta ni mada gani lilipaswa kuifikia, uliongeze kwenye majina mengine. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu una neno "ukungu", kwa mwandiko wa kijana wa zamu. Jana kulikuwa na "korosho zinapiga mabaka meusi", na bado tunabishana ni ugonjwa upi.